Wali wa Kisangani: wa Serikali na wa Sahani

Tarehe 24 Februari 1887, mjini Zanzibar, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alitia saini karatasi iliyompa kazi ya serikali. Mwajiri wake alikuwa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji na mwenye Dola Huru ya Kongo, akiwakilishwa na Henry Morton Stanley. Mshahara ulikuwa pauni 30 kwa mwezi. Kituo cha kazi kilikuwa Stanley Falls, kwenye maporomoko ambapo leo umesimama mji wa Kisangani. Tippu Tip alitakiwa apandishe bendera ya Dola, azuie biashara ya watumwa kuanzia kituoni hadi mto Aruwimi, na akubali kukaa na ofisa wa Kizungu ambaye angekuwa katibu wake. Biashara yake halali aliachiwa aendelee nayo apendavyo. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza, ila cheo chenyewe kiliachwa kwa Kiarabu: aliteuliwa kuwa Wali.

Msomaji wa Kiswahili akifika hapo hutabasamu hata kama hataki. Pauni 30 kwa mwezi, na kazi ni kuwa wali!

Utani huo una historia ndefu kuliko unavyoonekana. Watu wa pwani kama Wali huyo ndio waliopanda mpunga kandokando ya mto Kongo. Cheo kilikufa katika muda usiotimia miaka kumi. Mpunga haujaondoka hadi leo. Na jina la chakula chenyewe, lile linalotamkwa sawasawa na cheo, lilikwama njiani, kwa sababu wakazi wengi wa Kisangani wanaokula wali kila wiki hawauiti wali.

Tuanze na cheo. Katika Kiarabu wali ni mtu aliyekabidhiwa mamlaka ya kuangalia nchi au mji kwa niaba ya mtawala. Waswahili walilipokea neno pamoja na kiambishi chake cha Kiarabu, al-wali, ulimi ukalilainisha likawa liwali, na wingi wake maliwali. Mombasa, Malindi na Lamu zote zilikuwa na maliwali wa Sultani wa Zanzibar, na hata Waingereza walipotawala pwani ya Kenya waliuacha wadhifa huo uendelee. Sir Ali bin Salim na baada yake Sir Mbarak Ali Hinawy walijulikana kwa cheo hicho. Kwa hiyo Mswahili wa pwani hakuwa na shida ya kumtenganisha liwali wa barazani na wali wa jikoni. Ile silabi moja ya mbele ilitosha.

Oman mambo ni tofauti. Huko kila wilaya ina wali wake mpaka leo, na Waomani wenye asili ya Zanzibar, ambao nyumbani huongea Kiswahili, wanaishi na maneno yote mawili bila hiyo silabi ya kuwasaidia. Mtu anaweza kwenda asubuhi ofisini kwa wali kufuata muhuri, na mchana akarudi kula wali wa nazi. Tena yapo mengine ya kuongeza. Wali ni wingi wa mwali, msichana aliyewekwa ndani kufundwa. Ukiliongezea irabu moja unapata walii, mcha Mungu anayezuriwa kaburini kwake. Na katika Kiswahili cha zamani, “wali” kilikuwa pia kitenzi kizima, maana yake wapo au walikuwa. Kisangani kitenzi hicho kisingemchanganya mtu, kwa kuwa Kiswahili cha Kongo hutumia ba- pale ambapo pwani husema wa-: batu, bali, balikuja.

Sasa sahani. Lugha chache zimekizungukia chakula kimoja kama Kiswahili kilivyouzungukia mpunga. Ukiwa shambani ni mpunga. Ukishakobolewa ni mchele, na zilizokatika ni chenga. Kinachopeperushwa ni makapi na pumba. Ukipikwa ni wali, ukiwa laini wa kurojeka ni ubwabwa, na ule ulioshika chini ya sufuria ni ukoko au utandu, ambao watoto hugombania. Neno mchele lenyewe zamani lilikuwa pana zaidi. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inalieleza kuwa nafaka iliyokobolewa, hasa ya mpunga. Mtama uliotwangwa ukatoka ganda nao ulikuwa mchele. Mpunga ulikuja kulichukua jina lote taratibu.

Uliwezaje? Kwa heshima yake mezani. Mpunga wa Asia ulivuka Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na punje zake zilizoungua zimefukuliwa katika makazi ya kale ya Pemba na Komoro. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, kitu alichokieleza kwa kirefu alipokuwa Mogadishu ni chakula: wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa kwenye sinia kubwa la mti na mchuzi juu yake. Karne nyingi baadaye bado wali ndio uliokuwa kipimo cha ukarimu wa mji. Mgeni alipikiwa wali. Arusi ilipimwa kwa wali. Hata mwaka 2020, Hashim Rungwe alipogombea urais wa Tanzania, ahadi yake iliyobaki midomoni mwa watu ilikuwa ubwabwa.

Kwa hiyo wafanyabiashara wa pwani walipofika Maniema, mashariki mwa Kongo ya leo, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakiwa na bunduki, kanzu na Kiswahili chao, hawakuwa tayari kuishi kwa ndizi na muhogo tu. Walipanda mpunga Nyangwe. Walipanda Kasongo. Watu waliojiita waungwana, wengi wao wakiwa wenyeji wa huko huko walioingia katika dini, mavazi na lugha ya wageni, waliufanya mpunga kuwa alama ya maisha yao mapya. Jina lao ndilo lililozaa Kingwana, kama Wabelgiji walivyokiita Kiswahili cha huko.

Si haki kulisimulia hili kwa sauti ya karamu. Mashamba yale yalilimwa kwa sehemu kubwa na mateka. Julai 1871 David Livingstone alikuwepo Nyangwe siku watu wa misafara walipofyatulia risasi umati uliojaa sokoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza chakula. Miaka ishirini na miwili baadaye, majeshi ya Dola ya Leopold yalipoiteka Kasongo, daktari wao Sidney Hinde alistaajabu kukuta maghala yamejaa mchele, kahawa na mahindi, na bustani za machungwa, mapera na maembe zimestawi. Alichokiona kilikuwa utajiri kweli. Mikono iliyouzalisha haikuwa na hiari.

Stanley Falls kwenyewe wenyeji walikuwa na chakula chao na hawakuhitaji kufundishwa kula. Waenya, wanaoitwa pia Wagenya, walitega samaki kwa mitego mikubwa ya umbo la pia iliyoning'inizwa kwenye miti katikati ya maporomoko, kazi wanayoifanya hadi sasa. Walokele walisafirisha samaki, vyungu na ndizi kwa mitumbwi. Msituni kulikuwa na ndizi za kupika, mawese na muhogo. Kituo cha Dola kilianzishwa hapo mwishoni mwa 1883, Stanley akamwacha Mskoti mmoja akilinde. Mwaka 1886 watu wa pwani walikishambulia na msimamizi wake, Walter Deane, akakichoma moto na kukimbia. Leopold hakuwa na jeshi la kukirudisha. Ndipo likaja wazo la kumwajiri mtu ambaye tayari alikuwa na nguvu pale. Tippu Tip akapanda meli Madura pamoja na Stanley, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa mto Kongo, wakaupanda mto, na mwezi Juni 1887 Wali akawasili kazini.

Kisa kimoja cha msafara huo kinaonyesha vizuri maana ya kujua au kutojua chakula cha mahali. Stanley aliacha sehemu ya watu wake Yambuya, kwenye mto Aruwimi, wakisubiri wapagazi walioahidiwa na Tippu Tip. Wapagazi walichelewa kwa karibu mwaka mzima. Wazanzibari wa kambi ile walikula muhogo mchungu bila kuuloweka na kuuandaa kama wanavyofanya wenyeji, wakadhoofika na kufa kwa makumi. Stanley aliporudi mwaka 1888 alikuta zaidi ya nusu hawapo. Katika kutafuta sababu aliulaumu muhogo, na pia aliwalaumu maofisa wake waliobaki. Lawama kwake mwenyewe hazikuwa nyingi. Wenyeji wa Aruwimi walikuwa wakila muhogo huohuo bila madhara, kwa kuwa walijua siku za kuuacha majini.

Tippu Tip aliondoka Falls mwaka 1890 kwenda Zanzibar, alikoshtakiwa na Stanley kwa ajili ya wapagazi wale. Hakurudi tena Kongo. Mpwa wake Rashid alishika nafasi, vita kati ya Dola na watu wa pwani vikazuka 1892, na mwaka 1893 Dola ikaishika Falls na miji ya Maniema. Cheo cha Wali kikaisha. Mwenyewe alikufa Zanzibar mwaka 1905, baada ya kuandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Waungwana wa kawaida, ambao hawakuwa na meli ya kuwarudisha popote kwa sababu kwao ni palepale, walibaki. Wabelgiji waliwaita “arabisés”, wakawapangia vijiji na machifu wao karibu na mji na kuelekea Ubundu. Waliendelea kuswali, kuvaa kanzu, kusema Kiswahili, na kulima mpunga.

Hapa ndipo neno la jikoni linaponivutia zaidi kuliko cheo. Ukitazama lugha za bara zilizopokea mpunga kutoka kwa Waswahili, zote zimechukua neno lilelile. Waganda husema omuceere. Rwanda na Burundi ni umuceri. Wakikuyu wanasema mũcere. Kiswahili cha Kongo nacho kinasema muchele. Na katika lugha hizi zote jina hilo moja hutumika kwa ule wa gunia na kwa ule wa sahani. Mpunga ulisafiri, mchele ukasafiri, wali ukabaki pwani. Naona sababu yake iko katika biashara. Mwuzaji hubeba nafaka. Anayenunua hujifunza jina la anachonunua, kisha anakwenda kupika kwake, na hakuna mtu wa pwani jikoni mwake wa kumwambia kwamba sasa jina limebadilika. Neno la chakula kilichopikwa hujifunzwa kwa kukaa pamoja kula. Misafara ilifanya biashara na watu wengi kuliko iliokula nao.

Kisangani kuna kikwazo cha ziada, nacho kilitoka upande wa pili. Kutoka Atlantiki ulikuja mpunga mwingine pamoja na jina lingine. Wareno walisema arroz, Wakongo wa pwani ya magharibi wakalifanya loso, na Kilingala kikalibeba kuupanda mto pamoja na askari, mabaharia na makarani wa serikali. Maneno haya mawili, moja lililotoka Bahari ya Hindi na moja la Atlantiki, yalikutana mjini hapa hapa, mahali ambapo meli za Kinshasa hulazimika kusimama kwa sababu ya maporomoko. Mtafiti Valdo Pons, aliyeishi katika mji huu ukiitwa Stanleyville mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliukuta ukisema Kilingala na Kiswahili sambamba. Hali haijabadilika sana. Katika soko kuu, mama anayeuza atakuitikia loso ukimsalimu mbote, na muchele ukimsalimu jambo. Bei ni ileile.

Wali si neno geni kabisa. Waislamu wenye jamaa Kasongo na Kindu wanalielewa, walimu wanalifahamu vitabuni, na wafanyabiashara waliowahi kufika Dar es Salaam hulitumia kwa madaha kidogo. Lakini mkahawani Makiso au Mangobo utaagiza loso na madesu, wali na maharage, au loso na pondu, ambayo msemaji wa Kiswahili ataiita sombe. Na ukitaka fahari ya mji utaacha mchele kabisa uombe lituma, ndizi za kupika zilizopondwa, chakula ambacho watu wa Kisangani wanakidai kuwa chao kabla ya kila mtu.

Kama mpunga ungeachiwa waungwana peke yao, huenda ungebaki chakula cha vijiji vichache. Serikali ndiyo iliyoufikisha kila mahali, na haikutumia adabu. Reli ya kuyakwepa maporomoko, kilomita 125 kutoka Kisangani hadi Ubundu, ilikamilika 1906, na palipo na reli na migodi kuna wafanyakazi wa kulishwa. Kufikia 1917 Edmond Leplae, mkuu wa kilimo wa koloni, aliyevutiwa na namna Waholanzi walivyowalimisha watu wa Java, alipata sheria ya kulima kwa lazima. Wanakijiji waliamriwa kutoa hadi siku 60 kwa mwaka kulima mazao yaliyochaguliwa na ofisa. Katika misitu ya jimbo la Mashariki mazao hayo yalikuwa pamba na mpunga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili siku zikapandishwa hadi 120. Asiyelima alilipa faini au alifungwa. Ofisa alipima shamba kwa hatua zake mwenyewe, na bei ya kununulia mavuno iliamuliwa na mnunuzi. Wazee wengi wa vijijini walioitwa wavivu katika ripoti za enzi hizo walikuwa wakijua hesabu vizuri kabisa.

Sayansi nayo ilifuata. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, wakaiweka Yangambi, kwenye ukingo wa mto, takriban kilomita 100 chini ya Kisangani. Michikichi, kahawa na mpira ndivyo vilivyoipa umaarufu, lakini mpunga haukusahauliwa. Mpunga wa huku haulimwi majarubani. Msitu unafyekwa, unachomwa, kisha mbegu zinapandwa juu ya ardhi yenye majivu na kutegemea mvua tu. Mpunga ndio unaotangulia wakati udongo una nguvu, muhogo na ndizi vinafuata, halafu shamba linaachwa lirudi msituni. Mbegu iliyochaguliwa kwa mazingira hayo, R66, imelimwa vizazi kadhaa. Nyingine iliyotoka Kongo, OS6, ilifika Nigeria, ikaandikishwa huko upya kwa jina la FARO 11 na kuenea mashambani.

Baada ya uhuru kila kitu kilichouinua mpunga kiliporomoka kwa zamu. Uasi wa Simba uliufanya mji kuwa makao yake makuu mwaka 1964, na ulipomalizika maduka na magari mengi hayakuwepo tena. Mwaka 1966 Stanleyville ikawa Kisangani. Mwaka 1973 Rais Mobutu aliwanyang'anya wageni biashara zao na kuzigawa, na wanunuzi wa mpunga wa vijijini wakatoweka pamoja na malori. Barabara zikamezwa na msitu. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji huu, na mto uliokuwa njia ya kupeleka mchele Kinshasa, safari ya kilomita zaidi ya 1,700, ulikuwa umefungwa na mstari wa vita.

Mpunga ukajifunza kupanda baiskeli. Toleka, neno la Kilingala la kualikana kupita, ndilo jina la baiskeli za abiria zilizoushika mji katika miaka ya tisini, na wabeba mizigo waliendesha, au zaidi walisukuma, baiskeli zenye magunia kutoka vijijini kwa siku kadhaa. Pikipiki zimechukua sehemu ya kazi hiyo. Mashine za kukoboa zinasubiri pembezoni mwa mji, na pumba zinakwenda kwa wafuga nguruwe na kuku.

Na maneno hayajaacha kuzaana. Pwani watu huonyana wasimwage mchele kwenye kuku wengi, yaani siri isitolewe hadharani. Nairobi, mlevi anayeamka bila simu wala pochi huambiwa aliwekewa mchele, dawa ya usingizi ndani ya kinywaji, na wanawake wanaosifika kwa hila hiyo wamepewa jina la pishori, mchele wa bei ghali wa Mwea. Kisangani, kama kote panaposemwa Kilingala, aliyepewa maana ya pili ni mwenzake wa sahani. Madesu ya bana, maharage ya watoto, ni kile kidogo anachoomba askari au mtumishi ambaye mshahara wake haujafika. Anayeleta magunia mjini anakijua vizuri. Kwenye kamba iliyofungwa kukatiza barabara hulipa maharage ili mchele upite, kisha akifika sokoni huyaongeza kwenye bei.